Neno "charge": karatasi tatu mezani, na kila moja inalitumia kivyake

MfasiriMoro

Habari za jioni wadau. Nina kiofisi cha kuchapa na kutafsiri nyaraka hapa Morogoro, jirani na mahakama. Kazi zangu nyingi ni vyeti, barua za ajira na mikataba ya pango, na siku hizi hati za kesi zimekuwa nyingi pia. Leo nimebaki na karatasi tatu ambazo wenyewe wanazifuata Jumatatu, na zote zina neno lilelile.

Ya kwanza ni kumbukumbu ya shauri la zamani. Mwenye shauri ni mzee ambaye Kiingereza hakisomi, anataka aelewe mwenyewe kabla hajaenda kwa wakili. Imeandikwa: "The accused was charged with stealing."

Ya pili ni taarifa ya benki ya mama mmoja mfanyabiashara wa mchele. Kila baada ya mistari michache kuna "charge", mara "fee", mara "levy". Yeye anachotaka ni kimoja: hela yake inakatwa na nani, na kwa lipi.

Ya tatu ni barua ya utumishi ya muuguzi. "She was in charge of the maternity ward."

Kamusi yangu inanipa shtaka, gharama, bei, ulinzi, shambulio, chaji, mzigo, agizo. Swali langu kwanza: hili ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno tofauti yaliyogongana kwa sauti tu, kama kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako? Pili, nikitoka Kiswahili kwenda Kiingereza, lini niandike charge, na lini niandike accuse, fee, cost au sue? Naomba majibu ya watu wanaolitumia kazini.

FundiWaMsimbazi

Dada, mimi nitakujibu upande wa simu tu, huko kwingine wapo wenyewe.

Wateja wanaleta simu kwa malalamiko ya aina tatu, na kwa Kiingereza kila moja lina namna yake. "Haiingizi chaji" ni it won't charge, na hapo mara nyingi naanza kuangalia tundu, limejaa vumbi au pini zimelegea. "Haitunzi chaji" ni it won't hold a charge, hiyo ni betri imechoka. "Inakula chaji" hapo Mwingereza hatumii charge kabisa, anasema the battery drains fast. Na mteja akisema "simu imezima, chaji imeisha", ukimwandikia mtu wa nje andika the battery is dead, ataelewa upesi kuliko "the charge is finished".

Kwenye betri utaona imeandikwa kwa mfano 5000 mAh, yaani miliampea-saa. Hicho ndicho kiasi cha chaji inachobeba, yaani inaweza kutoa ampea moja kwa saa tano. Ukikigeuza kwa kipimo cha darasani ni kulombi 18,000. Kwa hiyo kwetu chaji ni kitu kinachopimika, kinaingia na kinatoka.

KaraniMstaafu

Binti yangu, nimekuwa karani na mkalimani wa mahakama miaka mingi, tangu wakati shahidi anajibu kwa Kiluguru, mimi namgeuzia hakimu kwa Kiswahili, na hakimu anaandika mwenendo wa shauri kwa Kiingereza. Neno hili lilipita mkononi mwangu karibu kila siku ya kazi. Niruhusu nirefushe kidogo, maana umeuliza vizuri.

Ni neno moja. Mzizi wake ni carrus, gari la kukokotwa katika Kilatini. Wakapata kitenzi carricare, kupakia garini. Wafaransa wa kale wakalifupisha likawa charger, na Kiingereza kikalipokea karne ya 13. Maana ya mwanzo kabisa ni kutwika mzigo. Ndugu zake wa damu ni car, carry na cargo, ile shehena ya bandarini. Kwa hiyo "mzigo" ambao kamusi yako imeuweka karibu na mwisho ndio ulistahili kuwa wa kwanza.

Ukilishika hilo la kutwika, mengine yanakaa yenyewe. Aliyeshtakiwa ametwikwa shtaka. Aliyehudumiwa ametwikwa malipo. Aliyekabidhiwa wodi ametwikwa dhamana. Na silaha nayo hutwikwa: wazee waliowinda kwa gobore wanajua, unapima baruti, unaimimina mtutuni, unaishindilia. Kile kipimo cha baruti cha mlio mmoja ndicho Mwingereza alikiita charge. Kisha katika miaka ya 1740 Benjamin Franklin kule Philadelphia alikuwa akifanya majaribio ya umeme kwa chupa za kioo. Chupa ikishajazwa umeme, naye akasema ni charged. Vioo kadhaa vya kutunza umeme alivyoviunganisha akaviita battery, jina la mizinga iliyopangwa safu. Kwa hiyo fundi wa Msimbazi anaposema chaji na betri, maneno yote mawili yametokea kwenye bunduki na mizinga.

Sasa kazi yako. Ushauri wangu ni kwamba usikimbilie kamusi. Tazama kineno kinachoandamana nalo. Charged with ni mashtaka. Charge for ni malipo ya kitu au huduma. Charge to ni kuandika deni kwenye hesabu ya fulani. Charge at ni kumkimbilia mtu kwa shari. In charge of ni madaraka. Na hapa pana mtego ambao nimeona wasomi wakiuingia: in the charge of ni kinyume chake. The nurse is in charge of the child, muuguzi ndiye mwangalizi. The child is in the charge of the nurse, mtoto yuko chini ya uangalizi wa muuguzi. Kijineno "the" kimoja kinageuza nani kabeba na nani kabebwa.

Upande wa mahakama nikae kidogo, kwa sababu makosa ya hapo yanaumiza watu.

Kiingereza kina accuse na kina charge. Accuse mtu yeyote anaweza: jirani, mke mwenza, gazeti. Ni kutuhumu au kushutumu. Charge ni hatua rasmi, anayefanya ni polisi au mwendesha mashtaka, na inakuwa na karatasi yake, charge sheet, hati ya mashtaka. Hata vineno vinavyofuata vinatofautiana, accused of stealing lakini charged with stealing. Ndani ya hati, kosa moja likiwa limetenganishwa na lingine huitwa count. Ukiona "two counts" andika "makosa mawili", au "shtaka la kwanza na la pili". Count hapo haihusiani na kuhesabu kura. Indict nalo ni jamaa yake. Kwa makosa makubwa ya shirikisho kule Marekani shtaka hupita kwanza kwa jopo la raia, na hati inayotoka hapo ndiyo indictment. Kwa hati zetu za hapa hutalihitaji sana.

Kiswahili chetu kitenzi "kushtaki" kimebeba mengi, kwa hiyo ukikigeuza lazima uulize kwanza ni kushtaki kupi. "Polisi wamemshtaki kwa wizi" ni charged him with theft. "Amenishtaki kwa sababu ya deni lake" hiyo ni kesi ya madai, andika sued, na hapo watu ni mdai na mdaiwa, hakuna mshtakiwa. "Amenishtaki kwa mama" ya watoto, hiyo ni he told Mother on me, sheria haimo kabisa.

Halafu "mtuhumiwa" na "mshtakiwa". Mtuhumiwa ni suspect, bado anachunguzwa. Mshtakiwa ameshasomewa shtaka. Magazeti huchanganya, wewe usichanganye, kwa sababu mtu aliyekamatwa tu akaandikwa "mshtakiwa" kwenye karatasi yenye muhuri wako, unaweza kumkosesha kazi au viza.

Na mtego mwingine. Vituo vya polisi huwa na bango linalosema dhamana ni bure. Kwa Kiingereza ungesema bail is free of charge. Lakini ukikuta "he was released without charge", hapo hakuna habari ya bure wala pesa: ameachiliwa bila kufunguliwa mashtaka.

Sentensi yako ya kwanza, basi: "Mshtakiwa alishtakiwa kwa kosa la wizi." Mzee wako ataielewa, na wakili wake haitamsumbua. Hati za namna hii utaletewa sana, kwa sababu sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini majalada ya nyuma ya mahakama za juu yako Kiingereza, na wenye mashauri bado wako hai.

Kwenye pesa sitakaa sana. Kumbuka tu tofauti ya cost na charge. Cost inatazama mfuko wa anayelipa, charge inatazama mdomo wa anayedai. Fundi anacharge elfu kumi, na mimi matengenezo yamenicost elfu kumi. Hela ni ileile, ila aliyesimama mbele ya sentensi ni mwingine. Majina mengine Kiswahili tunayo yote, tena safi: fare ni nauli, fee ni ada, toll ni kile unacholipa kupita daraja la Kigamboni, levy ni tozo, fine ni faini, price ni bei. Faini usiiingize kwenye charge, faini ni adhabu.

MdauWaSoka

Mzee umefunza. Naongeza la michezoni maana redio zetu zinalikosea kila wiki.

Machi 2023 Ligi Kuu ya England iliifungulia Everton mashtaka ya kuvuka kiwango cha hasara kinachoruhusiwa. Charged. Siku zile wapo waliosoma hewani kwamba Everton "imekutwa na hatia". Hatia ilikuja Novemba, ikakatwa pointi 10, na Februari 2024 baada ya rufaa adhabu ikashuka hadi pointi 6. Kati ya charge na adhabu ilipita miezi minane. Ni kosa la aina ileile ya kumwita mtuhumiwa mshtakiwa.

Uwanjani pia lipo. Sheria ya 12 ya soka inataja charging, kumsukuma mwenzako kwa mwili. Bega kwa bega mkigombea mpira mnaruhusiwa, ukienda kwa pupa au kwa nguvu kupita kiasi ni faulo. Na kocha akisemwa "his first match in charge", tafsiri yake ni mechi yake ya kwanza akiwa kocha wa timu hiyo. Basi.

SistaWaWodi

Dada Mfasiri, kwenye barua ya muuguzi naomba usiandike "alikuwa na malipo ya wodi ya wazazi". Nimewahi kuiona hiyo kwa macho yangu kwenye barua halisi.

Serikalini in-charge ina jina lake, na ni jina zuri: mfawidhi. Mganga mfawidhi wa kituo cha afya, muuguzi mfawidhi wa wodi. Hata kwa Mzee Karani kuna hakimu mfawidhi na jaji mfawidhi. Kufawidhi ni kumkabidhi mtu jambo alisimamie, ambayo ni ileile habari ya kutwikwa aliyoieleza mzee. Kwa mdomo sisi wodini tunasema "inchaji", "nenda kamwone inchaji akusainie", hakuna anayeshangaa. Lakini barua ya utumishi inakwenda kwa mwajiri mwingine, iandikwe "alikuwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi". Gereza na kituo cha polisi havina mfawidhi, huko ni mkuu wa gereza na mkuu wa kituo.

Tofautisha pia in charge na on duty. On duty ni zamu. Usiku kunaweza kuwa na wauguzi wawili wa zamu, na mfawidhi amelala kwake. Ukitaka kumjua mfawidhi, mtazame anayewajibika kwa kabati la dawa zinazodhibitiwa, lile lenye morfini na pethidini. Zamu ikibadilika, dawa zile zinahesabiwa chupa kwa chupa mbele ya anayeondoka na anayeingia, zinaandikwa kwenye daftari, wote wawili wanasaini. Likipungua moja, atakayeulizwa wa kwanza ni mfawidhi, hata kama hakuwepo. Kwa hiyo huyo dada akiomba kazi nyingine, neno hilo moja linamwambia mwajiri kwamba aliaminiwa. Ukiandika "alifanya kazi wodi ya wazazi" utakuwa umemnyang'anya.

Kitu kidogo: ukikutana na charge nurse kwenye karatasi za Uingereza, hicho ni cheo. Cheo hichohicho akikishika mwanamke kwa kawaida wamekuwa wakimwita sister. Kwetu wagonjwa wanamwita sista muuguzi yeyote wa kike, mwenye cheo na asiye nacho.

DerevaWaWatalii_Karatu

Naomba kuingiza ya porini, maana charge at imetajwa ikapitwa haraka.

Mgeni akiandika kwenye kitabu cha maoni "an elephant charged us", usimtafsirie "tembo alitushambulia". Ofisi ikisoma hivyo itauliza nani kaumia. Charge ni zile mbio za kukujia. Attack ni pale anapokufikia. Tembo anaweza kuja kwa kasi hadi unaona kope zake, akasimama, akatupa vumbi, akageuka akaondoka. Sisi tunasema "tembo katutishia", wao wanasema mock charge.

Dalili zake tunafundishana hivi. Wa kutishia anatanua masikio, anainua kichwa, anapiga kelele, anataka umwone ni mkubwa. Wa kweli analaza masikio nyuma, anakunja mkonga chini kwa ndani, na mara nyingi anakuja kimya. Huyo ndiye wa kumwogopa, na hapo gari inatakiwa iwe imewashwa, haijazimwa. Lakini wote wawili, Kiingereza kinasema charge. Kwa hiyo andika "tembo alitujia mbio", halafu kama alisimama sema alisimama.

Vitani ni hivyohivyo. Tarehe 25 Oktoba 1854 huko Balaklava wapanda farasi wa Uingereza waliikimbilia mizinga ya Warusi bondeni, wengi wakafa. Waingereza mpaka leo wanaitaja kwa neno charge, maana kinachokumbukwa ni yale mbio ya kuiendea mizinga. Maneno ya karibu ni rush na storm, ila storm kwa kawaida ni kuvamia mahali, kama ngome au jengo. Tembo hawezi kustorm gari.

MfasiriMoro

Shikamoo Mzee Karani, na asanteni wote. Sista, barua nimeshaiandika "muuguzi mfawidhi".

Nimebaki na mawili. Kwenye taarifa ya benki kuna mistari kama "maintenance fee", "withdrawal charge", "govt levy", "excise duty" na "VAT". Nikiandika "makato" yote, ni kweli yamekatwa, lakini mama wa mchele anataka kujua yamekwenda kwa nani.

La pili, ile karatasi ya shauri, ukurasa wa mwisho una neno "discharged". Kamusi inasema kuruhusiwa hospitali, kupakua, kulipa deni, kutokwa usaha. Mzee huyu hakuwa mgonjwa.

KaraniMstaafu

Marahaba mwanangu.

La benki, usitumie neno moja. "Makato" liweke juu kama kichwa cha jedwali, chini yake yagawe mafungu mawili. Fungu la benki: maintenance fee ni ada ya kuendesha akaunti, withdrawal charge ni ada ya kutoa fedha. Fungu la serikali: govt levy ni tozo, excise duty ni ushuru wa bidhaa, VAT ni kodi ya ongezeko la thamani. Hayo matatu benki inakusanya tu na kuyapeleka. Kumbuka kwamba ushuru na VAT vinahesabiwa juu ya ada ya benki yenyewe, havihesabiwi juu ya mauzo yake ya mchele, kwa hiyo kila mstari wa ada utaona vimefuatana nao. Jumlisha kila fungu peke yake. Mama ataona mwenyewe, na kama ana ugomvi atajua aende kaunta ya benki au asiende.

Discharge ni charge iliyopinduliwa, ni kutua mzigo. Meli inashusha shehena, mgonjwa anaruhusiwa, betri inaisha, mdaiwa anamaliza deni, kidonda kinatoa usaha. Zote ni kutua au kutoa kilichokuwemo.

Mahakamani lakini ni neno la hatari, na ndiyo maana nafurahi umeuliza kabla hujapiga muhuri. Lina jirani yake, acquitted, na wengi huyaandika yote mawili "aliachiwa huru". Acquitted ni kwamba mahakama imelipima shtaka ikamwona hana hatia; hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Discharged ni kwamba shauri limekoma bila kufika huko. Kwa mfano Mkurugenzi wa Mashtaka ameliondoa kwa ile hati yenye jina la Kilatini, nolle prosequi. Mshtakiwa anatoka, ndiyo, lakini mlango haujafungwa. Nimeshuhudia watu wakitoka kizimbani wakishangilia na ndugu zao, wakakamatwa tena uani hata hawajafika barabarani, na hati mpya ikaandikwa kwa kosa lilelile. Ndugu wanalia kwamba mahakama imewadanganya, kumbe mahakama ilisema discharged, na mtu aliyewatafsiria ndiye aliyewapa neno "huru".

Mzee wako anakwenda kwa wakili, kwa hiyo mstari huu ni mzito kuliko yote. Soma na sentensi inayotangulia uone nani aliondoa shauri na kwa nini, uitafsiri yote. Kisha, ukikuta kweli liliondolewa, andika: "Shtaka liliondolewa na mshtakiwa akaachiliwa." Neno "huru" usiliweke.